Usipoziba ufa utajenga ukuta: kujitayarisha kwa mafuriko na matetemeko kabla hayajafika

Makala hii ni yako wewe unayeishi katika makazi ya wakimbizi, na ni yako pia wewe mwenyeji ambaye shamba lako linapakana na makazi hayo. Inaeleza kwa nini ni bora kutumia nguvu, muda na fedha kidogo kabla ya mafuriko, maporomoko ya udongo na matetemeko ya ardhi, kuliko kusubiri msaada baada ya watu kufa na mali kupotea. Inaeleza pia mambo ambayo familia, kikundi na kijiji kinaweza kufanya, na namna ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Mifano mingi ni ya Uganda na nchi jirani, lakini kazi zenyewe zinafaa popote.

Mvua ni mvua, maafa ni kitu kingine

Mara nyingi tunasema, "Ni mapenzi ya Mungu, hakuna la kufanya." Ni kweli kwamba hakuna mtu anayeweza kuzuia mvua isinyeshe au ardhi isitikisike. Lakini mvua kubwa peke yake si maafa. Inakuwa maafa pale inapokuta nyumba zimejengwa kwenye njia ya maji, mtaro umejaa taka, mlima umekatwa miti yote, na watu wamelala bila kupata habari.

Angalia mwaka 2010. Tarehe 12 Januari, nchi ya Haiti ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0. Idadi kamili ya waliokufa bado inabishaniwa, lakini makadirio mengi yanazidi watu laki moja. Wiki sita baadaye, tarehe 27 Februari, nchi ya Chile ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8. Nguvu yake ilikuwa karibu mara 500 ya lile la Haiti. Waliokufa Chile walikuwa takriban 525.

Ni kweli tetemeko la Haiti lilipiga karibu sana na mji mkuu wenye watu wengi. Lakini tofauti kubwa ilikuwa nyumba. Chile walipata tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani, mwaka 1960, na katika miaka iliyofuata waliweka sheria kali za ujenzi na kuzisimamia. Haiti majengo mengi yalikuwa ya zege na matofali dhaifu, bila usimamizi. Wataalamu husema tetemeko haliui watu. Kinachoua ni nyumba inayowaangukia.

Hatari zilizo katika eneo letu

Sehemu kubwa ya makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda, kama Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja na Nakivale, iko ndani au karibu na Bonde la Ufa la Magharibi. Bonde hilo linapita maziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Hapo ardhi inavutwa pande mbili polepole, na ndiyo maana matetemeko hutokea. Milima iliyo kando yake ni mikali, mvua ni nyingi, na watu ni wengi.

Yafuatayo ni baadhi ya matukio ambayo wengi wenu mnayakumbuka:

- Machi 1966, tetemeko la Toro, magharibi mwa Uganda, liliua watu zaidi ya 150 na kubomoa maelfu ya nyumba. Upande wa Beni, Congo, nao uliathirika.
- Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilipiga Bukavu na wilaya za Rusizi na Nyamasheke nchini Rwanda. Zaidi ya watu 30 walikufa katika nchi hizo mbili.
- Tarehe 1 Machi 2010, mlima uliporomoka na kufunika kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, mashariki mwa Uganda. Serikali iliwahamishia baadhi ya manusura wilayani Kiryandongo, jirani na makazi ya wakimbizi yaliyoko huko.
- Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika Kasese na kuharibu nyumba, barabara na hospitali ya Kilembe.
- Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukoba, Tanzania, na kuua watu wasiopungua 16. Lilisikika pia Uganda.
- Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakapoteza makao.
- Mwanzoni mwa Mei 2023, mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 130 kaskazini na magharibi mwa Rwanda. Tarehe 4 Mei, siku mbili tu baadaye, maji na udongo vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, Congo. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, na wengine wengi hawakuonekana tena.
- Mwishoni mwa 2023 na tena katika mvua za 2024, mafuriko yaliingia kambi za Dadaab, Kenya. Maelfu ya familia zilihamia mashuleni.

Ukisoma orodha hii utaona kwamba mambo haya hayakuja mara moja tu. Kasese ilipigwa mara mbili ndani ya miaka saba. Mahali palipofurika jana patafurika tena. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: je, mara ijayo itatukuta katika hali ileile?

Fedha nyingi huja baada ya kilio

Kati ya mwaka 2010 na 2019, nchi tajiri zilitoa takriban dola bilioni 133 za misaada inayohusu maafa. Katika fedha hizo, kwa mujibu wa shirika la Umoja wa Mataifa la kupunguza hatari ya maafa, ni bilioni 5.5 tu zilizotumika kujiandaa kabla. Yaani katika kila dola 100, dola 4 hivi zilikwenda kwenye kinga, na zaidi ya 95 zilikwenda kwenye dharura na kujenga upya.

Sababu si ngumu kuielewa. Nyumba iliyobomoka inapigwa picha, na picha inaleta msaada. Mtaro uliozuia nyumba isibomoke haupigwi picha na mtu yeyote. Kiongozi anayegawa mablanketi anaonekana. Kiongozi aliyesafisha mtaro mwezi wa Februari hakumbukwi mwezi wa Aprili, kwa sababu hakuna baya lililotokea.

Lakini kinga inalipa. Tume ya kimataifa iliyochunguza jambo hili mwaka 2019 ilisema kwamba onyo linalotolewa saa 24 kabla ya tufani linaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Tuangalie mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni Bangladesh. Mwaka 1970 kimbunga kiliua huko watu wasiopungua 300,000. Serikali na Msalaba Mwekundu wakaanzisha mpango wa kujitolea: vijana na akina mama wa kila kijiji wanafundishwa kutoa onyo kwa bendera, vipaza sauti na kupita nyumba kwa nyumba. Majengo imara ya kukimbilia yalijengwa. Leo vimbunga vikubwa bado vinakuja, lakini idadi ya wanaokufa imeshuka sana.

Mpango huo umefika pia kwa wakimbizi Warohingya walioko Cox's Bazar, ambao wamefundishwa kazi hiyohiyo. Tarehe 14 Mei 2023, kimbunga Mocha kilipita. Kambini Cox's Bazar maelfu ya nyumba za mianzi ziliharibika, lakini hakuna vifo vilivyotangazwa. Upande wa pili wa mpaka, Myanmar, serikali ilitangaza vifo zaidi ya 140, na wengi wao walikuwa Warohingya. Ni kweli kimbunga kilipiga Myanmar kwa nguvu zaidi. Hata hivyo, watu walikuwa wa kabila moja na nyumba zilikuwa dhaifu pande zote mbili. Upande mmoja palikuwa na watu wa kujitolea waliokuwa wamejifunza na wakaaminiwa.

Mfano wa pili ni wa hapa Uganda. Mwezi Novemba 2015, Msalaba Mwekundu wa Uganda ulipata utabiri wa mafuriko eneo la Kapelebyong, Teso. Badala ya kusubiri maji yafike, waligawa madumu, sabuni, dawa za kusafisha maji na mifuko ya kuhifadhi vitu. Kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani za kutoa fedha kwa kufuata utabiri, kabla ya maafa kutokea.

"Kiwanja si changu, kwa nini nihangaike?"

Hili ni swali la haki. Nchini Uganda sheria inamruhusu mkimbizi kutumia kipande cha ardhi alichopewa, lakini si mali yake, na hawezi kukiuza. Wengine wanasubiri kupelekwa nchi ya tatu. Wengine wanasema amani ikirudi watarudi nyumbani. Chakula kimepunguzwa. Mtu wa namna hiyo atanunua mbao za kuimarisha nyumba kwa nini?

Jibu la kwanza ni kwamba kusubiri kunachukua muda mrefu kuliko tunavyofikiri. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958. Kuna watu waliozaliwa humo, wakazaa humo. Katika muda huo misimu ya mvua inapita miwili kila mwaka.

Jibu la pili ni kwamba kinga nyingi haibaki kwenye kiwanja. Ujuzi wa kufunga nguzo unakwenda nawe. Akiba unakwenda nayo. Vyeti vilivyofungwa vizuri unakwenda navyo. Mtoto aliyejifunza kukimbilia mahali pa wazi atalijua jambo hilo popote atakapoishi.

Jibu la tatu ni la jirani. Maji hayaulizi nani mkimbizi na nani mwenyeji. Mkimbizi akikata miti yote mlimani, shamba la mwenyeji chini linafunikwa na mchanga. Mwenyeji akiziba mkondo ili apanue shamba, maji yanaingia nyumba za wakimbizi. Kazi ya mtaro mmoja inawafaa wote wawili, na ikiachwa wote wawili wanaumia.

Mafuriko: kazi za jembe na chepeo

Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zifanyeni kabla ya msimu wa mvua, yaani Februari na tena Agosti, kwa maeneo yanayopata mvua Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba.

1. Jua njia ya maji. Waulize wazee wenyeji maji yalifika wapi katika mvua kubwa walizoona. Weka alama. Mkondo uliokauka kwa miaka mitano bado ni mkondo.

2. Inua msingi. Kama unajenga upya, jaza udongo na kuushindilia mpaka sakafu iwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 30 au zaidi. Pembeni weka mawe au magunia yaliyojazwa udongo ili msingi usiliwe na maji.

3. Chimba mtaro kuzunguka nyumba, na hakikisha una pa kumwagia. Mtaro unaomwaga maji kwenye mlango wa jirani si kinga. Ni kuhamisha shida. Kubalianeni mtaa mzima maji yaelekee wapi.

4. Safisha mitaro na makaravati. Mifuko ya plastiki na majani huziba karavati la barabara, na maji yakikosa njia huingia majumbani. Siku moja ya kazi ya pamoja kila mwezi inatosha kwa mitaa mingi.

5. Choo kiwe upande wa chini ya nyumba, na umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Inua mdomo wa shimo na uushindilie kwa udongo. Choo kikifurika, kipindupindu kinafuata.

6. Hifadhi mbegu na chakula juu. Dari ndogo ya fito ndani ya nyumba inaweza kuokoa mbegu za msimu mzima.

Usivuke maji yanayokimbia kwa miguu. Maji ya kina cha sentimita 15 tu, yakiwa na kasi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Usimtume mtoto avuke ili aende shule; siku moja ya masomo hupatikana tena.

Mlimani: fanya juu

Kwenye miteremko, adui ni maji yanayoshuka kwa kasi yakibeba udongo. Wakulima wa Machakos, Kenya, wamefanya kazi ya matuta kwa miaka mingi, na njia yao imeenea duniani kwa jina lake la Kiswahili: fanya juu. Unachimba mtaro ukikata mteremko kwa ulalo, halafu udongo unautupa upande wa juu ili ufanye tuta. Juu ya tuta unapanda majani ya kulishia mifugo. Mwaka baada ya mwaka udongo unajikusanya nyuma ya tuta, na shamba linakuwa kama ngazi.

Ili mtaro usiwe na mteremko, unahitaji kifaa rahisi chenye umbo la herufi A. Chukua miti miwili ya urefu sawa, kama mita mbili, uifunge juu. Funga mti wa tatu katikati. Kutoka juu ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha kifaa, weka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Geuza miguu ibadilishane mahali, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nacho shambani: kila kamba inapoangukia katikati, miguu yote miwili iko kwenye usawa mmoja. Chomeka vijiti, kisha chimba ukifuata vijiti.

Lakini kuna onyo muhimu. Njia hii ni ya mashamba yenye mteremko wa kawaida. Mlima mkali sana, au ulioanza kupasuka, usichimbwe mtaro wa kuhifadhi maji, kwa sababu maji yakiingia ndani yanaongeza uzito na kuuharakisha uporomoke. Hapo dawa ni kupanda miti yenye mizizi ya kina, kuacha kukata udongo chini ya mteremko, na kuwahamisha watu.

Dalili za maporomoko ni hizi: nyufa mpya ardhini juu ya mteremko, miti au nguzo zinazoanza kuinama, milango inayokataa kufunga ghafla, chemchemi mpya inayotokea pasipokuwa na maji, na mto unaobadilika kuwa tope au kupungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Hii ya mwisho ni mbaya kuliko zote, kwa maana yake huenda udongo umeziba mto huko juu na utaachia kwa mara moja. Ukiona, usingoje mkutano. Ondoeni watu, nendeni pembeni na juu, wala msifuate bonde.

Tetemeko: nyumba yako ndiyo kinga yako

Tetemeko halitabiriki. Hakuna mtu, redio wala simu inayoweza kukuambia litatokea kesho saa ngapi. Anayekuambia hivyo anakudanganya. Kwa hiyo kinga yote iko katika nyumba na katika mazoezi.

Nyumba ya fito na udongo, ikiwa nguzo zimezikwa vizuri na kufungwa imara, huyumba bila kuanguka kwa urahisi. Nyumba ya matofali ya udongo bila mfungo ni ya hatari zaidi, kwa sababu kuta huachana kwenye pembe na kuanguka. Kama unajenga kwa matofali, zingatia haya:

- Fungia kuta zote kwa mkanda mmoja unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha. Zege lenye nondo ni bora. Ukikosa, miti au mbao zilizounganishwa vizuri kwenye pembe zinasaidia.
- Kwenye pembe, matofali yapishane safu kwa safu, yasiachiwe mstari mmoja wa wima.
- Madirisha yawe madogo na yasikaribie pembe.
- Ukuta mrefu usiachwe peke yake. Uwekee ukuta wa kuukata katikati au nguzo.
- Paa liwe jepesi. Wengi huweka mawe juu ya mabati yasipeperushwe na upepo. Mawe hayo ndiyo yatakayokuangukia. Funga mabati kwa waya na misumari, uyashushe mawe.
- Kabati au magunia mazito yasiwekwe juu ya mahali mnapolala.

Wakati wa kutikisika: kama uko karibu kabisa na mlango katika nyumba ya udongo ya chini, na nje kuna uwanja, toka mara moja na ukae mbali na kuta. Kama huwezi kutoka ndani ya sekunde chache, au uko katika jengo la ghorofa, usikimbie ngazi. Inama, jifiche chini ya meza imara, kinga kichwa na shingo, shikilia mpaka itulie. Likiisha, toka nje, zima moto wa jikoni, na usirudi ndani ya nyumba yenye nyufa kubwa, kwa sababu matetemeko madogo hufuata.

Mashuleni na makanisani ndiko watu wengi hukusanyika pamoja. Waulizeni wakuu wa shule, wachungaji na maimamu: milango inafunguka kwa nje? Kuna milango miwili? Watoto wamefanya zoezi la kutoka? Zoezi la dakika kumi kila muhula halina gharama.

Onyo lifike kwa bibi asiye na simu

Wataalamu wa hali ya hewa wa serikali ya Uganda hutoa utabiri wa kila msimu, na kituo cha ICPAC kilichoko Nairobi hutoa utabiri wa eneo zima la Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Tatizo ni kwamba habari hizo hufika ofisini na kukaa hapo. Mtaa wenu unahitaji mnyororo wa watu:

- Mtu mmoja anayesikiliza redio na kupokea ujumbe kutoka ofisi ya makazi.
- Mtu mmoja wa sehemu ya juu ya mto mwenye simu, mara nyingi mwenyeji, anayepiga simu kwa walio chini maji yakipanda. Mti uliochorwa mistari ya rangi kando ya mto unatosha kuwa kipimo.
- Kengele, filimbi au ngoma yenye mlio mmoja uliokubaliwa, ambao hautumiki kwa jambo jingine.
- Orodha ya wasioweza kukimbia peke yao: wazee, wajawazito, wenye ulemavu, wagonjwa, watoto wanaoishi bila wazazi. Kila mmoja apewe jirani wawili wanaojua kwamba wao ndio watakaomchukua.
- Ujumbe katika lugha zote za mtaa. Onyo la Kiswahili peke yake halimsaidii mama anayesikia Kinyabwisha au Kilendu tu.

Mfuko wa kikundi

Wengi wenu mko katika vikundi vya akiba na mikopo. Vikundi hivyo huwa na mfuko wa jamii wa kusaidia msiba au ugonjwa. Kubalianeni kuongeza mfuko wa maafa, mdogo tu. Hesabu yake ni hii: watu 20 wakitoa shilingi 500 za Uganda kila wiki, kwa wiki moja ni 10,000, na kwa wiki 52 ni 520,000. Fedha hiyo inaweza kununua majembe, machepeo, magunia na kamba za mtaa, na salio likabaki kwa familia itakayopoteza nyumba.

Andikeni kanuni mapema: nani anaamua, fedha inatolewa kwa tukio gani, inarudishwa au hairudishwi. Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu kanuni zinatafutwa siku ya shida.

Namna ya kuomba msaada wa kinga

Nchini Uganda, Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo yenye dhamana ya wakimbizi, na hiyohiyo ndiyo yenye dhamana ya kujitayarisha kwa maafa. Hili ni jambo la manufaa kwenu, kwa kuwa ombi la mtaro na ombi la mkimbizi vinafika nyumba moja. Pia kuna kanuni kwamba sehemu ya misaada ya wakimbizi, kwa kawaida asilimia 30, iwafae wenyeji. Mradi wa mtaro, daraja au upandaji miti unaowafaa wote ni rahisi kukubaliwa.

Fuateni hatua hizi:

1. Kamati ya wakimbizi (RWC) na mwenyekiti wa LC1 wa wenyeji wakutane. Ombi lenye sahihi za pande mbili lina uzito.
2. Chora ramani ya mtaa kwa mkono: nyumba, mto, mitaro, shule, mahali palipofurika na mwaka.
3. Hesabu: nyumba ngapi, watu ngapi, wasiojiweza wangapi.
4. Taja mtakachotoa nyinyi wenyewe, kwa mfano siku tano za kazi za watu 40, na mnachoomba, kwa mfano mawe, saruji au mtaalamu.
5. Pelekeni nakala kwa ofisi ya makazi, kwa halmashauri ya wilaya, na kwa mashirika yanayofanya kazi ya nyumba na mazingira. Bakini na nakala yenye tarehe na jina la aliyepokea.

Kama nyumba yako imewekwa mahali pa hatari, unayo haki ya kuomba kuhamishwa. Peleka ombi kwa maandishi, eleza hatari, na ulipeleke kabla ya mvua. Msaada wa kuhamishwa hautozwi fedha. Mtu akikudai malipo, toa taarifa.

Mfuko wa kunyakua

Weka mfuko mmoja mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua. Ndani yake: kitambulisho cha mkimbizi au cha taifa, hati ya familia, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi ya kliniki na dawa za kila siku, tochi, filimbi, simu ya akiba au chaja, fedha kidogo, na karatasi yenye namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu. Funga karatasi zote ndani ya plastiki mbili. Piga picha za vyeti na umtumie ndugu unayemwamini aliye mahali pengine. Wengi waliokimbia vita bila karatasi wanajua miaka inayopotea katika kuzitafuta.

Baada ya mafuriko, usinywe maji ya kisima mpaka yathibitishwe. Chemsha mpaka yatokote, au tumia dawa ya kusafisha maji kwa kipimo kilichoandikwa. Watoto wasicheze kwenye madimbwi.

Anza na haya mwezi huu

- Zunguka nyumba yako mara moja, ukitazama maji yanapoingilia na yanapotokea.
- Shusha mawe yaliyo juu ya mabati, ufunge mabati kwa waya.
- Tayarisha mfuko wa kunyakua.
- Kubaliana na familia mahali pa kukutania mkipoteana.
- Mtaje jirani mmoja asiyeweza kukimbia, na umwambie kwamba wewe utakuja kumchukua.
- Katika mkutano ujao wa kikundi au wa mtaa, omba dakika kumi za kuzungumzia mtaro na mfuko wa maafa.

Mambo haya hayatazuia kila hasara. Mvua nyingine itakuwa kubwa kuliko mtaro wenu, na tetemeko jingine litakuwa na nguvu kuliko ukuta wenu. Lakini kati ya mtaa uliojitayarisha na usiojitayarisha, tofauti huhesabiwa kwa idadi ya watu watakaokuwa hai asubuhi inayofuata.